Gego Moja, Washauri Mtaa Mzima

Mimi ni mtu wa Kariakoo, kuchagua hakunipi homa. Nikiingia dukani kutafuta soksi naulizwa nataka za Uturuki, za China za kwanza au za China za mwisho, na najibu bila kupepesa macho. Chaja ya simu ina orijino, ina kopi, na ina kopi ya kopi, na kila moja ina bei yake na siku yake ya kufa. Hayo yote nimeyazoea. Lalamiko langu ni kwa daktari. Mtu amekaa chuoni miaka mitano kusomea meno, ukutani katundika cheti chenye muhuri, kavaa koti jeupe na miwani yenye taa, ananichungulia mdomoni, anatikisa kichwa, anasema gego limetoboka vibaya, kisha badala ya kushika kazi ananiuliza: "Baba, ungependa tukuzibie na nini?"

Najuaje? Ningekuwa najua ningelipa pesa ya kumwona?

Kisa chenyewe ni ubuyu. Ule wa Zanzibar, mwekundu, wenye sukari na pilipili kwa mbali. Taratibu zake zinajulikana: unamumunya, unatema mbegu. Lakini simameni nyinyi pale Msimbazi kwenye jua la saa nane mkisubiri daladala, tuone kama taya halitatafuta la kufanya. Mbegu moja ikagota kwenye gego la chini kushoto, nikasikia ka! Ulimi ukaenda kukagua, ukarudi na taarifa kwamba ukuta mmoja haupo. Nilipanga kurudi kumdai muuza ubuyu. Daktari, binti ambaye ningeweza kumzaa, akanikatisha tamaa: "Ubuyu hauna kosa, baba. Hiyo nyumba ililiwa na mchwa siku nyingi, mbegu imeangusha ukuta tu."

Kabla ya kufika kwenye kuchagua, kulikuwa na suala la kung'oa. Kariakoo jino bovu lina tiba moja, na kila mtu anakuandikia bila kusomea: ng'oa. Ni bei nafuu, ni mara moja, na unatoka na ushahidi wako umefungwa kwenye pamba. Wala si Kariakoo peke yake. Nchi nzima wengi wetu tunamfikia daktari wa meno maumivu yakiwa yameshatunyima usingizi, na hapo kinachobaki kwake ni koleo. Hata mimi nilipanda zile ngazi nikiwa nimejiandaa kwa koleo. Binti akakataa. Akasema hilo ndilo gego la kwanza la ukubwani, huota mtoto akiwa na miaka kama sita, na ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kutafuna. Ukiling'oa, la nyuma yake linalalia pengo, la juu nalo linashuka kumtafuta mwenzake, na miaka michache baadaye upande mzima umevurugika.

Haya, ikawa kuziba. Ndipo akafungua duka.

Kuna ya rangi ya fedha, amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Ni ngumu, ni rahisi, haina maringo. Hata jino likiwa na unyevu kidogo inakaa. Kuna ya rangi ya jino, kompositi, utomvu wa kiwandani uliochanganywa na unga laini wa kioo na kugandishwa kwa mwanga wa bluu. Hiyo inapendeza na inashikamana na jino, ila inataka ukavu, inataka muda, na inataka pesa. Halafu kuna simenti, ambayo wenyewe wanaiita glasi ayonoma. Hiyo inaganda yenyewe, inavumilia unyevu, na inatoa madini ya floridi kidogo kidogo kulilinda jino, lakini kwenye gego lenye shimo kubwa inaweza kulika au kuvunjika mapema.

"Naomba ya fedha," nikasema.

"Hiyo hatuna, baba. Hapa tuliacha kuiweka."

"Sasa umenitajia ya nini?"

"Ili ujue."

Akanijazia dawa ya muda, akanipa nafasi nikafikiri. Dawa yenyewe inanuka karafuu, na si bure, maana ndani yake mna kiini cha mafuta ya karafuu, yale yale ambayo bibi zetu walichovya kwenye pamba usiku wa maumivu. Nikazunguka Kariakoo nikinukia pilau, mdomo nusu wazi, nikitafuta ushauri. Ushauri Kariakoo hautafutwi, unakudondokea.

Pale Narung'ombe kuna benchi la kahawa ambapo mambo yote ya nchi huamuliwa kabla ya magharibi. Nilikaa, nikakataa kashata, na kukataa kashata kwenye benchi lile ni sawa na kutangaza msiba. Wakauliza. Nikaeleza. Fundi cherehani akawa wa kwanza: "Weka nyeupe, kaka. Heshima ya mtu ni kinywa."

Sasa mimi nauliza: gego la chini kushoto, la tatu kutoka mwisho wa taya, anayeliona ni nani? Mtu nikimchekea mpaka akaliona gego lile, tumeshakuwa ndugu, hawezi tena kuniheshimu wala kunidharau kwa rangi ya kizibo. Mabibi wa pwani walikuwa na akili kutuzidi. Aliyetaka jino la dhahabu alilivika la mbele, pale ambapo hata akisema "karibu" tu linamulika sebule nzima. Pesa yake ilionekana. Hakuna bibi aliyetia dhahabu kwenye gego halafu akafunga mdomo.

Kijana mmoja winga, wale wa kukushika mkono kutoka kituoni na kukupeleka duka ambalo hukulitaka, alikuwa amesimama pembeni akisikiliza biashara.

"Mzee baba, nina jamaa yangu ghorofani hapo Aggrey. Anaweka ya Ujerumani. Nakufanyia bei ya jumla."

"Bei ya jumla kwa jino moja?"

"Lete na la mama."

Akafuatia mwenzetu mzaliwa wa Meru, ambaye meno yake yana rangi ya kahawia tangu utotoni kwa sababu ya maji ya kule yenye floridi nyingi. Huyu hujisifu kwamba hajawahi kuzibwa hata moja. "Nyinyi wa Dar meno meupe, ndani matupu," akasema, akatafuna kashata yangu. Nilipomuuliza daktari baadaye akasema floridi kidogo inalilinda jino, ikizidi utotoni inalipaka rangi na hata kulichimba, na ni hiyo hiyo iliyomo kwenye ile simenti. Kwa hiyo jamaa alikuwa ananiuzia simenti bila kujua.

Kura yangu mimi ilikuwa ya fedha, na sababu yangu inakaa Magomeni. Shangazi yangu alizibwa gego lake katika hospitali ya serikali Mwalimu akiwa hajang'atuka. Halikuwepo swali la "ungependa". Aliambiwa panua, akapanua. Aliambiwa uma, akauma. Akaenda zake nyumbani. Mpaka leo anamenyea muwa upande huo. Wala si bahati ya shangazi tu. Wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba kutoka duniani kote na kuyapima, walisema mwaka 2021 kwamba kwenye meno ya nyuma kompositi imeshindwa karibu mara mbili ya amalgamu, hasa kwa jino kuanza kuoza upya pembezoni mwa kizibo. Yaani ile nzuri ya sura ndiyo inayochoka mapema, na ndiyo ya bei juu. Hilo mtu wa Kariakoo halimshangazi, lakini linauma.

Tena shangazi mwenyewe siku hizi hana amani. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo imepita sauti ya mtu asiyejitaja, inasema wenye meno ya fedha wakayatoe haraka, zebaki inawala ubongo. Nilimpelekea jibu la daktari: kama halijapasuka na halijaoza pembeni, aliache lilivyo, maana kulichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kwa mara moja. Shangazi akasema zebaki ingekuwa na nia naye ingemuua kabla hajatulea sisi, tungebaki na nani.

Nikaanza kumtafuta aliyeninyima ya fedha. Kumbe anaanzia Japani. Minamata ni mji wa pwani ambako kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, samaki wakaliwa, na mwaka 1956 ugonjwa ule ukatambuliwa rasmi: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, watoto wanazaliwa na ulemavu. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki ukapewa jina la mji huo. Ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi 2017, na Tanzania ikauridhia 2020. Kwetu kishindo chake kikubwa ni kwa wachimbaji wadogo, kule Geita na Chunya, wanaonasia dhahabu kwa zebaki. Lakini wenye mkataba hawakusahau vinywa. Mwaka 2022 walikubaliana amalgamu isiwekwe kwenye meno ya utoto, wala kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone hakuna budi. Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kuanzia Januari 2025. Mwezi Novemba mwaka huo huo, Geneva, nchi za mkataba zikaweka ukomo wa dunia nzima: 2034.

Mimi si mtoto, si mjamzito, na ndevu zangu zinajulikana. Kwa hesabu hiyo nina haki ya fedha mpaka 2034. Haki ninayo, kitu chenyewe dukani hakipo.

Wala siwalaumu wenye mkataba kwa nia yao. Kliniki isiyo na chujio maalumu, vumbi la amalgamu linaingia kwenye sinki, sinki linaingia kwenye karo, na maji ya mji huu sote tunajua yanaelekea wapi: Mto Msimbazi, bahari, samaki, Feri, kikaango changu. Sitaki kizibo changu kinirudie kwa njia ya changu wa kukaanga. Ninachonung'unikia ni mpangilio. Ile ngumu na rahisi inaondolewa kwanza, halafu tunaambiwa tuwe na subira mpaka ile laini na ghali ijifunze ugumu na urahisi.

Na kampuni ya bima yangu, ambayo sitaitaja kwa sababu bado naihitaji, ikaja na lake. Kwenye simu binti mwenye sauti nzuri alinisomea kifungu: kuziba gego tunalipia, lakini kwa amalgamu, nyeupe kwenye jino la nyuma ni urembo. Nikamwambia amalgamu kliniki haina. Akasema wao hawajakataa kuilipia. Mantiki hiyo sijapata mtu wa kunisaidia kuijibu.

Siku ya kazi ikafika. Kliniki iko ghorofani, dirisha linatazama mtaa, na chini yake kuna spika iliyorekodiwa inayosema "jero jero jero, chagua chagua" bila kumeza mate. Sindano ya ganzi ikapigwa, mdomo ukavimba kwa mawazo yangu tu, mashine ikaanza. Chagua chagua, inasema spika. Zzzii, inasema mashine. Shavuni pamba, chini ya ulimi mrija unanyonya mate kwa kelele. Katikati ya zzzii, kimya. Umeme umekatika. Spika ya chini haikujali, ina betri. Jenereta za mtaa zikaanza kuamka moja moja. Ya jengo letu haikuwa na mafuta.

Daktari akavuta kigoda, akakaa, na kwa kuwa mimi nilikuwa na pamba na siwezi kubisha, akanipa historia. Katikati ya miaka ya 1980, akasema, walimu wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, walikuwa na shida hii hii ila kubwa zaidi. Unakwenda kijijini kutibu meno, umeme hakuna, mashine inageuka pambo. Mmoja wao, Mholanzi Jo Frencken, na wenzake wakaachana na mashine. Wakachukua vifaa vya mkono, patasi ndogo na vijiko vya kukwangulia, wakatoa uozo ule uliolainika tu, wakaliziba shimo kwa simenti inayoganda yenyewe. Hakuna waya, hakuna kelele, mara nyingi hata sindano hakuna. Njia ile ikaenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe, ikatumia glasi ayonoma, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Leo inafundishwa mabara yote, na simenti yenyewe tangu 2021 imo kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

"Aaa!" nikasema, maana ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

Jambo limeanzia Muhimbili, mwendo wa mguu kutoka benchi letu la kahawa, likazunguka dunia, na pale benchini nimeuziwa ya Ujerumani kwa bei ya jumla. Simenti hakuna aliyeitaja. Hata fundi cherehani, ambaye ana maoni juu ya kila kitu, hana maoni juu ya simenti.

Umeme ukarudi. Daktari akamaliza kuchimba, akavuta taa karibu, akakaa kimya kwa muda nisioupenda. Kisha akasema shimo limeshuka mpaka karibu na ufizi kwa upande wa nyuma. Pale kunavuja damu na mate, na kompositi haielewani na mate hata tone; ikilowa kabla ya kugandishwa, haishiki, na miezi michache baadaye uozo unapenyeza. Kwa hiyo chini ataweka simenti, juu ataweka kompositi.

Basi yote yale, usingizi niliokosa, winga, kura, mkataba wa Minamata, yalikuwa ya nini? Jino lilikuwa na jibu lake kule chini kabisa, na lilikuwa linasubiri kuchimbwa lilitoe. Ningeweza kuulizwa niliyependa mpaka kesho. Nilijaribu kumweleza hivyo, ikatoka "aaa" nyingine.

Kazi ya juu niliifuatilia kwenye kioo cha miwani yake. Kwanza tindikali ya bluu, sekunde chache, kulikwaruza jino lipate mshiko, ikaoshwa, ikapulizwa. Ikapakwa gundi. Halafu kompositi ikaingia kwa tabaka nyembamba, kama milimita mbili, maana ikiganda husinyaa, na mwanga haufiki mbali. Kila tabaka linamulikwa kwa kurunzi la bluu huku yeye akijikinga macho kwa kioo cha rangi ya chungwa. Tabaka, mulika, tabaka, mulika. Mwishoni akalichonga likapata vibonde vyake vya gego, hata kale kamfereji ka katikati ambako mabaki ya karanga hujificha. Kazi safi. Akaniwekea karatasi ya wino: "Uma. Sagasaga. Unajisikiaje, imezidi?" Nusu ya uso wangu ilikuwa haipo duniani. Nikasema iko sawa. Jioni kwenye ugali nikagundua nagonga upande mmoja tu, ikabidi nirudi kupunguzwa, na kupanda zile ngazi tena.

Bili ilikuja kwa nyuso. Jino la nyuma, kumbe, lina nyuso tano: ya juu, ya mbele, ya nyuma, ya shavuni na ya ulimini, na kila iliyoguswa inahesabiwa. Langu lilikuwa limeguswa tatu. Mimi mzima mzima nina uso mmoja, na kinyozi wa Mtaa wa Sikukuu anauhudumia pamoja na kichwa kwa buku mbili. Bima ikachangia kumwona daktari. Uzibaji wenyewe ukabaki urembo.

Jumapili nikaenda Magomeni kumjulia hali shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Haya, panua nione hilo jino la laki kadhaa."

Nikakaa kwenye mkeka, nikapanua. Akavaa miwani. Akaniinamisha kichwa kuelekea dirishani, akawasha tochi ya simu, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akarudi kushoto.

"Sioni kitu."

"Hapo chini, shangazi, la tatu."

"Naona jino tu. Mbona lipo zima? Wamekuziba wapi?" Akazima tochi, akamwita mjukuu aje na macho yake ya kitoto. Mtoto akachungulia naye, akasema haoni kitu. Shangazi akavua miwani, akaniangalia kwa huruma ambayo sijaiona tangu msiba wa babu. "Una risiti?"